Tuzo na Matunzo

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba kazi mbili bila kulalamika: kutunza. Muuguzi anamtunza mgonjwa. Anamgeuza ubavu, anampima joto, anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Lakini methali nayo inasema mcheza kwao hutunzwa, na hapo hakuna anayedhani kwamba mchezaji amelazwa wodini. Anapewa zawadi. Kutunza huku kwa pili ndiko wengi wetu siku hizi tunakoita kutuza, na humo ndimo lilimo neno tuzo. Kwa hiyo matunzo na tuzo ni ndugu wa tumbo moja, ingawa wamekulia nyumba tofauti.

Aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa taarabu anajua kutuza kunavyofanyika. Ubeti unamgusa mtu, anainuka, anakwenda kwa madaha hadi mbele na noti mkononi, anamkabidhi mwimbaji, anarudi kukaa. Zawadi inatolewa wimbo ukiwa bado unaendelea. Anayetoa ni yule yule aliyeguswa. Na kinachotolewa ni fedha, kitu kinachoweza kulipa nauli ya kurudi nyumbani.

Sasa iweke nishani pembeni ya picha hiyo. Nishani hutolewa wimbo ukiwa umekwisha, mara nyingi miaka baadaye. Anayeivisha ni mfalme, rais au jenerali, ambaye hakulala kwenye kitanda kile wala hakushikwa mkono usiku ule. Na kinachotolewa ni kipande cha chuma chenye utepe. Neno nishani lenyewe, lililotufikia kutoka Kiajemi, maana yake ni alama tu. Alama ya nini? Swali hilo limenikaa kooni kwa miezi kadhaa, kwa sababu tasnifu yangu ya uzamili inahusu maadili ya kazi za kuhudumia watu, na kila nilipogusa historia ya uuguzi nilikutana na nishani za vita. Nchi inapomvisha muuguzi nishani, inafanya nini hasa? Inamlipa? Inamshukuru? Au inajisafisha?

Tuanzie pale ambapo wengi huanzia. Novemba 1854 Florence Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya pili ya Istanbul, akiwa na wanawake 38 waliokuja kuwauguza askari wa Uingereza walioletwa kwa meli kutoka vita vya Crimea. Mwaka uliofuata Malkia Victoria alimpelekea kito cha kubandika kifuani, kilichobuniwa na mumewe, Prince Albert. Nishani za kijeshi zilikuwa za wanaume, kwa hiyo mwanamke aliyestahili heshima akatengenezewa pambo. Ilichukua karibu miaka 30 pambo kugeuka nishani rasmi: mwaka 1883 Victoria alianzisha Msalaba Mwekundu wa Kifalme, kwa ajili ya wanawake waliowauguza wagonjwa na majeruhi wa jeshi la nchi kavu na la majini, na Nightingale alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupokea. Kwenye mikono ya msalaba huo yameandikwa maneno matatu, imani, tumaini na upendo, pamoja na mwaka ulipoanzishwa. Wanaume hawakuruhusiwa kuupata hadi 1976, kana kwamba kuuguza ni tabia ya kike kabla haijawa kazi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na mabomu yakaanza kuangukia hata hospitali zilizokuwa nyuma ya mstari wa mapigano. Wauguzi walibaki na wagonjwa wasioweza kutembea. Mwaka 1916 Uingereza ikaruhusu wanawake wapewe Military Medal, nishani ya ushujaa. Lakini nishani hiyo ilikuwa ya askari wa vyeo vya chini. Maofisa walikuwa na msalaba wao. Wauguzi wa jeshi walichukuliwa kama watu wa hadhi ya maofisa, ila hawakuwa na hati ya uofisa, kwa hiyo wakapewa ya chini. Hata katika kusifu, ofisi ilipata njia ya kumkumbusha kila mtu mahali pake.

Ukisoma maelezo yanayoambatana na nishani za ushujaa utagundua kwamba yana sarufi yake. Lazima kuwe na siku, mahali na tendo. Fulani, katika usiku wa tarehe fulani, chini ya mabomu, alifanya kadha wa kadha bila kujali uhai wake. Sarufi hiyo imetoka vitani, na inamfaa mtu aliyevuka uwanja wa risasi mara moja na kurudi.

Uuguzi haufuati sarufi hiyo. Kiswahili kinasema kuugua ni kuwa mgonjwa, na kuuguza ni kukaa na anayeugua. Muda wake haupimwi kwa tendo, unapimwa kwa marudio. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulala. Dripu inaangaliwa, bandeji inabadilishwa, chombo cha haja kinamwagwa, na kesho yake yote yanaanza upya. Na jambo la ajabu ni hili: muuguzi akifanya kazi yake vizuri, kinachoonekana ni kwamba hakuna kilichotokea. Kidonda hakikuoza. Homa haikupanda. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni hakuambukizwa. Jambo ambalo halikutokea halina shahidi, wala halina tarehe ya kuandikwa kwenye maelezo ya nishani.

Kwa hiyo nishani, ili imfikie muuguzi, inabidi isubiri siku asipofanana na muuguzi. Inasubiri bomu lianguke, kisha inamsifu kwa kutokimbia. Usiku elfu moja uliotangulia bomu hilo, ambao ndio uuguzi wenyewe, unabaki gizani.

Nightingale mwenyewe alilijua hili kuliko waliomtukuza. Picha iliyoenea duniani ni ya mwanamke mwenye taa akipita katikati ya vitanda. Picha ni nzuri, ila haiwezi kueleza kilichokuwa kikiua watu Scutari. Hospitali ile ilikaa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Vifo vilikuwa vingi mno katika majira ya baridi ya 1854 kuelekea 1855, taa ikiwepo na upendo ukiwepo. Vilianza kupungua baada ya tume ya afya kufika Machi 1855 na kusimamia kusafishwa kwa mifereji na kuingizwa kwa hewa safi wodini. Baada ya vita Nightingale alikaa na takwimu, akisaidiwa na mtakwimu William Farr, na mwaka 1858 akachapisha michoro iliyoonyesha kwamba maradhi yaliyoweza kuzuiwa yaliua askari wengi kuliko majeraha ya vita. Fedha zilizochangwa na wananchi kwa heshima yake, zaidi ya pauni 40,000, hakuzifanya za kwake. Zilianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' jijini London, mwaka 1860.

Hapo naona tofauti ambayo baadaye itanisaidia. Alipokea heshima, kisha akaitumia heshima hiyo kudai mifereji. Angeweza kuiweka kabatini, na serikali ingefurahi zaidi.

Mwaka 1958 mwanafalsafa J. O. Urmson aliandika makala fupi kuhusu watakatifu na mashujaa, na mfano wake mmoja ni wa daktari anayejitolea kwenda kusaidia katika mji uliovamiwa na tauni. Urmson aliona kwamba maadili ya zamani yalikuwa na masanduku matatu tu: matendo ya wajibu, matendo yanayoruhusiwa na matendo yanayokatazwa. Daktari yule haingii kwenye lolote. Amefanya zaidi ya wajibu. Yeye mwenyewe anaweza kusema nilifanya kazi yangu tu, lakini sisi hatuna haki ya kumwambia ilikuwa lazima uende.

Nakubaliana na Urmson kuhusu daktari. Wasiwasi wangu ni jinsi sanduku lake la nne linavyotumika. Tukisema muuguzi amefanya zaidi ya wajibu, maneno hayo yanasikika kama sifa, na ni sifa kweli. Lakini swali linalofuata hatuliulizi: kwa nini ilibidi afanye zaidi? Mara nyingi mtu hufanya zaidi ya wajibu wake kwa sababu kuna mwingine aliyefanya pungufu ya wajibu wake. Muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima usiku kucha kwa sababu nafasi tatu hazijajazwa. Anashona glavu za matumaini kwa sababu za mpira zimekwisha. Tukimwita shujaa, yule aliyepaswa kuagiza glavu anapata nafuu kubwa. Jina lake halitajwi tena.

Kwetu sisi neno linalofanya kazi hiyo ni wito. Uuguzi ni wito. Utalisikia kila tarehe 12 Mei, siku ya kuzaliwa kwa Nightingale, ambayo ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, wakati wauguzi wakiwa wamevaa sare nyeupe wanawasha mishumaa na kurudia kiapo chao mbele ya mgeni rasmi. Mimi siubezi wito. Najua wapo walioitwa. Lakini nimegundua kwamba neno hili hutumika zaidi pale muuguzi anapouliza habari za posho. Mwashi akidai ujira wake hatumwambii kujenga ni wito.

Mama yangu mdogo ni muuguzi wa hospitali moja ya wilaya, na hajawahi kwenda vitani. Hata hivyo alivishwa lugha ya vita. Siku za Korona tulimsikia kila mtu akisema mapambano, mstari wa mbele, askari wetu wenye makoti meupe. Mwaka mmoja baada ya kishindo kile aliteuliwa mfanyakazi bora wa idara yake, akapewa cheti siku ya Mei Mosi, uwanjani, juani, akiwa na fulana na kofia vilivyoandikwa kaulimbiu ya mwaka. Wakati huo huo alikuwa anadai malimbikizo ya posho za zamu za usiku ambazo hazikuwa zimelipwa kwa muda mrefu. Cheti kile kimewekwa fremu, kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni.

Nilimuuliza mara moja kama hakimkeri. Nilikuwa na hoja zangu tayari, nimetoka kusoma, nataka kusikia hasira. Akanijibu akiwa anachambua mchele, bila kuniangalia: "Mwanangu, hicho cheti hakipiki ugali, najua. Lakini mafaili ya kule kazini yanapotea. Siku nikistaafu hakuna atakayekumbuka nani alikuwa zamu. Hicho ndicho kinachosema nilikuwepo."

Jibu hilo liliniharibia sura nzima ya tasnifu, na nalishukuru. Nilikuwa nimejenga hoja kwamba nishani ni hila tupu, kwamba ni shukrani ya punda yenye utepe. Mama mdogo alinionyesha kazi nyingine ya nishani ambayo wasiokosa kutambuliwa hawaioni. Nishani ni ushahidi. Inasema mtu huyu alikuwepo.

Uzito wa ushahidi huo unaonekana zaidi ukiwatazama waliokosa. Mary Seacole, mwanamke kutoka Jamaika mwenye asili ya Kiafrika na Kiskoti, aliomba kwenda Crimea na wauguzi wa serikali akakataliwa. Akaenda kwa gharama zake, akafungua nyumba ya chakula na malazi karibu na Balaclava mwaka 1855, akauza, akapika, akatibu askari kwa dawa alizozijua. Vita vilipokwisha alirudi Uingereza akiwa amefilisika. Picha ya rangi aliyochorwa mwaka 1869 inamwonyesha akiwa na nishani tatu kifuani. Lakini hakuna kumbukumbu rasmi inayoonyesha kwamba aliwahi kutunukiwa.

Watu wamebishana kuhusu nishani zile tatu: alipewa bila kuandikwa, alipewa na askari, au alijinunulia? Mimi ubishi huo haunivutii sana. Kinachonivutia ni kwamba mwanamke aliyefanya kazi ile alijua dunia inasoma vifua. Hata kama alijivika mwenyewe, alikuwa anatoa ushahidi ambao ofisi haikuona haja ya kuuandika. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2016, kwenye viwanja vya St Thomas' hiyo hiyo.

Na hapa kwetu? Vita vile vile vya 1914 hadi 1918 vilipita Afrika Mashariki, na havikupita na magari. Vilipita mabegani. Waingereza peke yao walikusanya watu wapatao milioni moja kuwa wapagazi wa Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu iliifanya Kariakoo, likabaki Dar es Salaam, na Nairobi likabaki Kariokor. Tunakwenda pale kununua vitenge na vipuri vya simu. Wapagazi walibeba risasi na unga wa jeshi, na walibeba machela. Majeruhi aliyefika hospitali alifikishwa na watu wanne wasio na viatu. Uganda ilitoa pia kikosi cha tiba cha Waafrika, vijana wengi wao waliosoma shule za misheni, waliofunga vidonda na kuwahudumia wapagazi wenzao. Na wapagazi walihitaji kuhudumiwa: kwa hesabu za Waingereza wenyewe karibu 100,000 walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Ni Scutari nyingine, isiyokuwa na mwanamke wa kuchora takwimu.

Nairobi ipo sanamu ya shaba ya watu watatu, ya mwaka 1928, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayeifia nchi yake watoto wake watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri, ila majina hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mjukuu wa mpagazi hana cheti cha kutundika juu ya televisheni. Mbele ya jambo hilo siwezi tena kusema nishani ni chuma tu. Anayesema hivyo huwa ana yake kabatini.

Basi tuseme nishani ni ushahidi. Bado kuna swali la ushahidi unaotumiwa na nani. Aristotle aliliona hili katika kitabu chake cha maadili: heshima, alisema, inategemea zaidi anayeitoa kuliko anayeipokea, na kwa sababu hiyo haiwezi kuwa jambo jema kuliko yote maishani. Muuguzi Mwingereza Edith Cavell, aliyekuwa akiongoza shule ya wauguzi Brussels, aliwauguza askari wa pande zote mbili, na pia akawasaidia askari wapatao 200 wa upande wa Uingereza na washirika wake kutoroka Ubelgiji iliyokuwa chini ya Wajerumani. Wajerumani walimpiga risasi tarehe 12 Oktoba 1915. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimwambia kasisi kwamba uzalendo hautoshi, kwamba hapaswi kumchukia mtu yeyote wala kuwa na uchungu naye. Uingereza ilimheshimu mno. Uso wake ulitumika kwenye kampeni za kuwavuta vijana wajiandikishe jeshini, wakaue. Sanamu yake ilizinduliwa London mwaka 1920, na maneno yake hayakuwekwa pale hadi 1924. Kwa miaka minne jiwe lilimkumbuka bila kumsikiliza.

Hapo ndipo heshima inapogeuka kuwa njia ya kumnyamazisha mtu. Unachukua mwili wake, unaacha kauli yake. Nishani ya Florence Nightingale, iliyoanzishwa na Msalaba Mwekundu mwaka 1912 na kuanza kutolewa 1920, ilijaribu kukwepa mtego huu kwa kutokuwa mali ya nchi yoyote. Hutolewa kila baada ya miaka miwili, isiyozidi 50, kwa wauguzi na wahudumu wa kujitolea wa upande wowote, na mbali na ushujaa inatambua pia ubunifu katika afya ya jamii na katika kufundisha uuguzi. Angalau hapo mwalimu anayefundisha namna ya kunawa mikono anaweza kuonekana bila kusubiri bomu.

Mfano wa mwisho ni wa juzi tu. Msalaba wa George ulianzishwa Uingereza mwaka 1940, miji ikipigwa mabomu, kwa ajili ya ushujaa usiokuwa wa uwanja wa vita. Julai 2021 ulitolewa kwa huduma yote ya afya ya taifa, kwa kazi ya miongo saba na hasa ya miaka ya Korona, na mwaka mmoja baadaye wawakilishi wakakabidhiwa katika kasri la Windsor. Desemba 2022, miezi mitano baada ya sherehe hiyo, wauguzi wa Uingereza waligoma wakidai mishahara, mgomo mkubwa kuliko wote katika historia ya zaidi ya miaka 100 ya chama chao. Wapo waliowashangaa. Si juzi tu mmepewa nishani ya juu kabisa?

Katika mshangao huo ndimo nilipolipata jibu nililokuwa nikilitafuta. Anayeshangaa anadhani nishani ni risiti. Umepokea, tumemalizana. Lakini Kant alitufundisha mwaka 1785 kwamba kitu huwa na bei au huwa na hadhi: chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine chenye thamani sawa, chenye hadhi hakina kifidia. Kazi ya muuguzi ina vyote viwili, na kosa ni kulipia kimoja kwa sarafu ya kingine. Saa zake za usiku zina bei, na bei hiyo ni mshahara, posho, glavu na wenzake wa kutosha zamuni. Kule kukaa na anayekufa ili asife peke yake kuna hadhi, na hakulipiki. Ukimpa nishani badala ya posho umemdhulumu. Ukimpa posho ukadhani umemaliza, bado kuna kitu hujakisema, na mama mdogo angekwambia.

Kwa hiyo naiona nishani kama hati ya deni. Ni nchi kusaini kwa mkono wake kwamba mtu huyu anatudai. Hati ya namna hiyo haimnyamazishi anayedai, inampa nguvu. Muuguzi wa London aliyegoma hakuitukana nishani. Aliisoma sawasawa kuliko walioitoa. Nightingale naye alivyodai mifereji alikuwa anawasilisha hati yake. Hata wapagazi wa Kariakoo, kama wangeandikwa majina, kuna mtu leo angekuwa na karatasi ya kuanzia.

Najua pingamizi moja. Mtu atasema: ukigeuza shukrani kuwa deni, umeua shukrani, zawadi inayohesabiwa si zawadi tena. Lina ukweli kati ya rafiki na rafiki. Lakini serikali na muuguzi si marafiki wawili. Mmoja anapanga zamu, mwingine anaifanya. Kati ya watu wa namna hiyo, shukrani isiyokubali kuulizwa maswali inafanana sana na amri.

Tarehe 12 Mei ijayo mishumaa itawashwa tena, na huenda kuna muuguzi atakayeitwa mbele apewe cheti. Ukiwa pale, piga makofi, na yapige kwa nguvu. Halafu mgeni rasmi akianza kusema uuguzi ni wito, sikiliza kama sentensi inayofuata ina tarehe ya kulipwa kwa malimbikizo.